Kituo cha Westminster hakikuishiwa fedha

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Nilikuwa London nikabadilisha treni katika kituo cha Westminster, kutoka njia ya District kwenda ya Jubilee. Kule juu ni kituo cha kawaida tu. Lakini niliposhuka nilidhani nimeingia kwenye jengo ambalo mafundi wamelitelekeza: zege tupu bila plasta, mabomba manene ya chuma yanakatiza hewani, ngazi za umeme zinapishana juu ya shimo refu. Halafu majukwaa ya Jubilee hayako ubavu kwa ubavu, moja liko juu ya jingine. Je, fedha ziliisha au ndiyo fasheni? Na mwenyeji wangu aliniambia eti kituo hicho ndicho kilichopindisha mnara wa Big Ben. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Mwenyeji wako amekupa nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo tamu.

Fedha hazikuisha. Nyongeza ya njia ya Jubilee kutoka Green Park hadi Stratford iligharimu takriban pauni bilioni 3.5, na Westminster ni kimoja kati ya vituo 11 vilivyojengwa au kujengwa upya kwa ajili yake. Ulichokiona ni kazi iliyokamilika. Karibu kila kitu ulichodhani kimesahauliwa mle ndani kinabeba mzigo, na kituo kimepata umbo lile kwa sababu ya jirani mmoja mzito aliye ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo nitaanza na swali lako la mwisho. Ukishamwelewa jirani, zege na mabomba havitakusumbua tena.

Saa ya mnara ule ilianza kwenda Mei 31, 1859. (Kwa haki, Big Ben ni jina la kengele, yenye uzito wa tani 13.7. Mnara wenyewe tangu 2012 unaitwa Elizabeth Tower, ila watu hawajali, nami sitaanza leo.) Miaka 9 baadaye, Desemba 24, 1868, kampuni ya District Railway ikafungua kituo chake ng'ambo ya barabara, kikiitwa Westminster Bridge; jina lilifupishwa mwaka 1907. Reli za enzi hizo hazikupita kwenye matundu marefu ya kina. Walichimba mtaro kutoka juu, wakasimamisha kuta za matofali, wakafunika kwa tao au boriti, kisha wakarudisha barabara mahali pake. Mtaro ulikuwa wa kina kifupi, na ilibidi uwe hivyo, maana treni zilivutwa na injini za mvuke na moshi ulihitaji pa kutokea. Umeme ulikuja mwaka 1905. Ndiyo maana jukwaa la District ulilikuta hatua chache tu chini ya barabara.

Mtaro wa namna hiyo haukumtikisa jirani. Wakaishi pamoja zaidi ya miaka 120 bila ugomvi wa maana.

Kisha ikaja Jubilee. Njia hii ilifunguliwa mwaka 1979 ikiishia Charing Cross, na ujenzi wa kuiongeza kuelekea mashariki ulianza mwishoni mwa 1993. Handaki jipya lilipaswa kupita chini kabisa, chini ya mabomba ya majitaka, chini ya ile reli ya zamani, kisha likavuke chini ya mto Thames kwenda Waterloo. Kuwashusha abiria hadi kina hicho, desturi ni kutoboa njia ya mteremko na kuweka ndani yake ngazi za umeme, moja kwa moja kutoka barabarani. Westminster hapakuwa na nafasi ya mteremko mrefu: kusini lipo Bunge, mashariki upo mto, na reli ya District inakatiza palepale. Wakaamua kuchimba shimo la wima, mithili ya sanduku, na kuzikunja ngazi ndani yake, zinashuka huku zikigeuka. Sanduku hilo lina kina cha mita 39. Wakati linachimbwa, katikati ya London hapakuwa na shimo lililowahi kwenda chini zaidi ya hapo.

Na mnara uko mita 34 tu kutoka ukingoni.

Weka namba hizo mbili pamoja, kina 39 na umbali 34, utaelewa kwa nini wahandisi walipoteza usingizi. Sisi watu wa misingi, shimo likiwa na kina kinachozidi umbali wake na jengo la jirani, hatumwulizi mtu kama jengo litasogea. Tunauliza litasogea kiasi gani na kuelekea wapi. Tena mnara huu haukusimama juu ya mwamba wala nguzo ndefu zilizozama ardhini. Umekaa juu ya bamba la zege la mita 15 kwa 15, lenye unene wa mita 3, na juu ya bamba hilo kuna uzito wa tani zipatazo 8,500. Gawanya, utapata karibu tani 38 kwa kila mita ya mraba, zikikandamiza kokoto, na chini ya kokoto ule udongo wa mfinyanzi mgumu ambao London nzima imekalia.

Mfinyanzi huo ni rafiki wa wachimba mahandaki. Ukiukata unasimama, haumwagiki kama mchanga, na maji hayapiti kirahisi. Lakini una kumbukumbu. Mita ya ujazo ya udongo ina uzito wa kama tani 2. Ukichimba mita 39 umeondoa karibu tani 80 juu ya kila mita ya mraba iliyobaki chini. Udongo uliozoea kubanwa hivyo kwa milenia na milenia, ukiachiwa, unavimba kwenda juu kama godoro mtu anapoinuka. Wakati huohuo kuta za shimo zinasukumwa ndani na udongo wa pembeni. Udongo wa pembeni ukisogea ndani, ule wa nyuma yake unaufuata, na juu ya huo wa nyuma umesimama mnara wenye urefu wa mita 96. Tena hayaishi siku wachimbaji wanapoondoka. Mfinyanzi hunyonya na kukamua maji polepole sana, kwa hiyo unaendelea kujipanga kwa miaka.

Mtu aliyekabidhiwa wasiwasi huo ni Profesa John Burland wa Imperial College. Alikuwa anaifahamu ardhi ile, kwa sababu mwanzoni mwa miaka ya 1970 alishughulikia maegesho ya magari yaliyochimbwa chini ya ua wa Bunge, karibu kabisa na mnara. Katika miaka hiyohiyo ya 1990 alikuwamo pia kwenye kamati iliyouokoa mnara wa Pisa kule Italia. Yaani kwa minara inayoinama, huyo ndiye mganga wake.

Tiba ya kwanza ilikuwa kwenye mpangilio wenyewe, na hapa ndipo swali lako la majukwaa linapojibiwa. Handaki lolote linapochimbwa, udongo kidogo hujaa ndani kabla halijazibwa, na huko juu ardhi inatitia. Mahandaki ya vituo ni mapana kuliko ya njia, kwa hiyo madhara yake ni makubwa zaidi. Mahandaki mawili yakilala ubavu kwa ubavu yanahitaji upana mara mbili, na chini ya barabara ile nyembamba kati ya sanduku na Bunge, la pili lingesogelea msingi wa mnara. Yakapandishwa moja juu ya jingine, yakajibana upande wa sanduku. Jukwaa lako lilikuwa juu ya lenzake ili handaki likae mbali na mnara kadiri ilivyowezekana, basi.

Tiba ya pili ni kuta. Sanduku halikuchimbwa kwanza ndipo likajengewa kuta. Hapo kila kitu kingeporomoka. Walianza na kuta kutoka juu. Mtambo unachimba ufa mwembamba na mrefu, na ufa huo muda wote unajazwa uji mzito wa udongo wa bentonaiti ili kingo zisianguke. Kikifikiwa kina kinachotakiwa, kizimba kizima cha nondo kinazamishwa ndani ya uji, kisha zege linamiminwa kwa bomba kuanzia chini kabisa. Zege ni zito kuliko uji, kwa hiyo linapanda taratibu likiusukuma uji utoke juu, ambako unavutwa na kutumiwa tena. Kipande kwa kipande unapata ukuta uliozama ardhini ambao hakuna jicho lililouona. Baada ya hapo ndipo unachimba katikati, na unajenga ukishuka: sakafu ya juu kwanza, kisha inayofuata, kila sakafu ikizibana kuta zisikaribiane.

Walikwenda mbali zaidi ya hapo. Kabla shimo halijafika chini, walitoboa vijihandaki kutoka ukuta hadi ukuta, chini ya mahali ambapo sakafu ya mwisho ingekaa, wakaweka boriti za kuukinga ukuta kwenye udongo ambao bado haujachimbwa. Binafsi naona hiyo ndiyo kazi ya kijasiri kuliko zote mahali pale, na hakuna abiria atakayeiona kamwe.

Sasa mabomba. Katika jengo la kawaida lenye ghorofa za chini, sakafu ndizo zinazozuia kuta zisiingie ndani. Gari unaloegesha huko chini limekaa juu ya kitu kinachosukumwa kutoka pande zote. Kituo hakiwezi kuwa na sakafu nzima kila mita chache, kwa sababu ngazi za umeme zinahitaji kupita. Ukikata tundu kubwa katikati ya sakafu, umekata uti wake. Kwa hiyo palipokosekana sakafu yakawekwa mabomba yale ya chuma, ukuta hadi ukuta, na yanabana leo hii kama yalivyobana siku ya kwanza. Ukitaka kuhisi yanachofanya, panua mikono ndani ya mlango mwembamba usukume miimo yote miwili kwa nguvu. Bomba linafanya hivyo usiku na mchana.

Kwa nini basi wasiyafunike kwa dari nzuri na marumaru? Wangeweza. Alexey Dushkin, alipochora kituo cha Mayakovskaya cha Moscow kilichofunguliwa 1938, alitumia nguzo za chuma chini kabisa ya ardhi akazivika chuma kinachong'aa na mawe ya rangi, na juu ya vichwa vya abiria akaweka picha za vigae za anga. Watawala wa pale walitaka kasri la wananchi, wakalipata. Kwenye nyongeza ya Jubilee msanifu mkuu alikuwa Roland Paoletti, aliyetokea kwenye reli ya Hong Kong, na msimamo wake ulikuwa mwingine: kila kituo kipewe msanifu wake, na msanifu akae meza moja na mhandisi tangu mstari wa kwanza. Canary Wharf alipewa Norman Foster, Southwark akapewa Richard MacCormac, na Westminster ikaangukia ofisi ya Michael Hopkins, ambaye alikwisha kabidhiwa jengo la ofisi za wabunge litakalokaa juu ya kituo, yaani Portcullis House. Kituo na jengo vikachorwa na mkono mmoja, na uzito wa jengo unashuka kupitia kitu hichohicho ulichokiona ukiwa kwenye ngazi.

Hopkins aliamua kutoficha. Wengi hudhani zege la wazi ni la bei rahisi. Sivyo hata kidogo. Zege litakalofunikwa likitoka na mashimo au mstari mahali mbao za fomu (zile zinazolishika zege likiwa bichi) zilipoungana, fundi plasta anakusetiri. Zege litakalobaki wazi halina wa kulisetiri: fomu isipokaa sawa asubuhi hiyo moja, kosa litatazamwa na mamilioni kwa miaka 100. Utazame ukuta wa pale kwa karibu siku nyingine, uone mistari ilivyopangwa ilingane.

Kuna sababu nyingine iliyo kimya zaidi. Novemba 18, 1987, moto ulianza chini ya ngazi ya umeme ya mbao katika kituo cha King's Cross, ukaua watu 31. Waliochora vituo vya Jubilee walivichora huku kivuli cha usiku ule kikiwa bado juu yao. Zege haliungui, chuma hakiungui, na uwazi mkubwa unamwonyesha mtu njia ya kupandia anapohofia. Milango ya vioo ukingoni mwa jukwaa, inayofunguka treni ikishasimama, nayo ilikuwa mara ya kwanza kwa reli ya chini ya ardhi ya London.

Nirudi kwa mnara, maana hapa ndipo mwenyeji wako alipoishia njiani. Wakati mahandaki yanachimbwa tayari palikuwa na hofu nyingine: Oktoba 1994 mahandaki ya reli nyingine yaliporomoka kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow, na sehemu za Jubilee zilizotumia mbinu ileile zikasimamishwa kwa muda. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kubahatisha karibu na saa inayojulikana dunia nzima.

Kutoka kwenye visima vya kazi, walisukuma mabomba membamba ya chuma chini ya barabara, yakatawanyika kama vidole chini ya msingi wa mnara. Kila bomba lina matundu kila hatua, na kila tundu limefungwa kwa ukanda wa mpira. Ukisukuma uji wa saruji kwa nguvu kwenye tundu moja, mpira unapanuka, uji unatoka na kujipenyeza kwenye udongo mahali hapo tu, kisha mpira unarudi. Ukiingiza uji chini ya upande unaozama, unauinua kwa unywele. Ndani ya mnara palifungwa kipimo kinachofanya kazi ya timazi, ila badala ya uzi na risasi kinatumia mwanga, kikisoma kwenye kimo cha mita 55, karibu na sura za saa. Uchimbaji ukisonga, mnara unaanza kuinama kaskazini, wanasoma, wanasukuma uji, wanasoma tena. Wakafanya hivyo mara kwa mara katika miaka ya 1996 na 1997.

Kazi ile ilikuwa ya subira ya ajabu, kwa sababu mnara wenyewe haukai kimya. Jua likiupiga upande mmoja unapinda kidogo; majira yakibadilika unapinda tena. Ilibidi kwanza waujue unavyopumua bila kuchimbwa, ndipo waweze kutofautisha pumzi na ugonjwa.

Kikomo cha kuinama kilikuwa milimita 35 kwenye kimo kile cha mita 55, na kilishikwa. Bila ule uji makadirio yalizidi milimita 100. Hata hizo 100 zisingeuangusha. Kilichoogopwa ni pale mnara ulipoungana na jengo la Bunge: mmoja akisogea na mwingine akibaki, mawe yanapasuka.

Basi kituo kiliupindisha? Kidogo, ndiyo. Leo mnara umeinama nyuzi kama 0.26 kuelekea kaskazini magharibi. Piga hesabu kwenye kimo cha mita 55, utapata kama milimita 250. Linganisha na zile 35, na hata ukiongeza milimita za miaka iliyofuata wakati mfinyanzi ukiendelea kujipanga, utaona kwamba sehemu kubwa ya mwinamo si ya Jubilee. Mzee aliinama tangu zamani. Anayekuambia mnara ulikuwa wima kama mshale hadi reli ilipokuja, mwambie akapime.

Nina lawama moja juu ya kituo, nisije nikaonekana mpambe. Uzuri wote umemiminwa kwenye lile shimo la ngazi. Ukishaingia jukwaani mambo yanakuwa ya kawaida ghafla, kama umetoka kanisani ukaingia stoo. Na vumbi la juu ya mabomba yale, sijui ni nani anayelipenda.

Kilifunguliwa kwa abiria wa Jubilee Desemba 22, 1999, siku 9 kabla ya sherehe za milenia ambazo njia nzima iliharakishwa kwa ajili yake. Muda wote huo, treni za District hazikukatishwa. Zilipita kila siku juu ya shimo linalochimbwa chini yake. Tena reli zenyewe zilikuwa juu mno kwa sakafu ya jengo la wabunge iliyochorwa, zikalazimika kushushwa milimita 300. Zilishushwa usiku, katika saa chache ambazo hakuna treni, milimita kadhaa kwa wakati mmoja, na asubuhi abiria wakapanda kwenda kazini kama kawaida.